ALICHEZEA INCHI MBILI, VITABU VINAHESABU MOJA



Katika namba iliyopita mwenzetu wa kalasi ya tano aliandika maneno makali juu ya wachezaji waliozaliwa kwetu, nao wanavaa jezi ya inchi ingine. Alitaja Makélélé, aliyezaliwa Kinshasa akachezea Ufaransa, na Benteke, aliyezaliwa Kinshasa vilevile akachezea Ubelgiji. Akamaliza kwa kusema kwamba mutu wa namna ile ameuza mama yake. Maneno hayo yamezunguka sana kwenye dortuari, na wengi wamepiga mikono. Sisi watatu tunaoandika hapa hatukupiga mikono.

Juu ya Makélélé na Benteke hatutasema mengi. Walipelekwa Ulaya wakiwa watoto wadogo, na mtoto hachagui ndege ya kupanda. Tunapenda kumjibu mwenzetu kwa habari ya mutu aliyeondoka akiwa mtu mzima, mwenye bibi, mwenye kazi, na mwenye jina kubwa kwao. Yeye alijua anachofanya. Na mchezo wake hatuuchezi kabisa huku kwetu, kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba tunamtetea kwa sababu ni wa ekipe yetu.

Mchezo wenyewe ni kriketi. Ni mchezo wa Waingereza. Sisi tuliotawaliwa na Wabeleji hatukuachiwa. Mrushaji anarusha mpira mdogo, mgumu, wa ngozi. Mpigaji anaupiga kwa ubao, kusudi usiangushe vijiti vitatu vinavyosimama nyuma yake. Akiisha kuupiga mbali anakimbia mpaka upande wa pili, na kila mkimbio ni pointi moja. Akifikisha mia bila kutolewa, ni shangwe kubwa. Mechi ya inchi na inchi inaitwa Testi, inadumu siku tano, na wachezaji wanasimama kunywa chai. Mtu aliyezoea dakika tisini za mpira wa miguu anaweza kucheka. Acheke, halafu aendelee kusoma.

Basil D'Oliveira alizaliwa Cape Town, katika Afrika ya Kusini, mwaka wa 1931. Serikali ya inchi ile, tangu sheria ya mwaka wa 1950, iliandika kila mtu katika kitabu kufuata rangi: huyu mweupe, huyu mweusi, huyu Muhindi, huyu chotara. D'Oliveira aliandikwa chotara. Kwa sababu ya neno lile moja hakuweza kukaa mtaa anaotaka, hakuweza kupiga kura kama mweupe, na katika kriketi hakuweza kuchezea ekipe ya taifa, hata kama angepiga mpira ukavuka bahari. Kiwanja kikubwa cha Cape Town, kinachoitwa Newlands, yeye alikiingia kwa mlango wa wasio weupe, akakaa fasi yao ya peke yake, akatazama wengine wakicheza.

Kazi yake ilikuwa katika nyumba ya kupiga chapa. Siku ya Posho na siku ya Yenga alicheza katika klabu ya St Augustine's, ambayo baba yake alikuwa kapiteni wake mbele yake. Walicheza juu ya viwanja vya wazi visivyo na majani mazuri, wakitandika mkeka juu ya changarawe, na mechi nyingi zikichezwa kwa wakati mmoja, mpira wa hawa ukiingia kati ya wale. Tunajua kiwanja cha namna hiyo. Hatuna lazima ya kwenda Cape Town kukiona.

Sasa hapa iko jambo ambalo wengi wanalipita haraka, nasi tunaomba mlisome polepole. Watu wasio weupe wa Afrika ya Kusini, yaani machotara, Wahindi, Waafrika, Wamalayi, waliunganisha vyama vyao vya kriketi wakafanya ekipe moja. Mwaka wa 1956 ekipe ya Wahindi wa Kenya ikaja kucheza nao. Mwaka wa 1958 wao wenyewe wakasafiri mpaka Afrika ya Mashariki. Na kapiteni wa ekipe ile ya Afrika ya Kusini, aliyeiongoza nyumbani na ugenini, alikuwa Basil D'Oliveira. Ekipe ya weupe ilikuwa ya kabila moja ndogo ya inchi. Ekipe ya D'Oliveira ilikuwa na watu wa kabila na dini mbalimbali. Kati ya zile mbili, ni ipi iliyofanana zaidi na taifa? Mwenzetu wa kalasi ya tano atujibu kwanza pale.

Lakini kisha safari ile ya 1958, hapakuwa na mbele. Kulikuwa na tumaini kwamba ekipe ya watu weusi wa West Indies itakuja kucheza nao mwaka wa 1959, nayo haikuja. Alikuwa karibu na miaka ishirini na nane, na katika mchezo ule kama katika mpira wetu, miaka haingoji.

Akafanya nini? Akaandika barua. Alimwandikia John Arlott, mwandishi na mtangazaji wa kriketi katika radio ya BBC, ambaye hakumjua hata sura. Akaandika kwa wino wa kijani, akiomba tu kama inawezekana apate fasi ya kucheza Uingereza. Huyu Arlott alikuwa amefika Afrika ya Kusini mwaka wa 1948, akachukizwa na aliyoyaona. Walipompa karatasi ya kujaza, penye kuuliza rangi yake, yeye akaandika: mwanadamu. Basi barua ya wino wa kijani ilifika kwa mtu aliyefaa. Tunasema hivi kwa wanafunzi wale wanaocheka wenzao wanaoandika barua za kuomba shule ao kazi kwa watu wasiowajua. Barua moja haikutosha; D'Oliveira aliendelea kuandika, na Arlott akaendelea kugonga milango mpaka mwaka wa 1960, wakati klabu moja ndogo ya upande wa Manchester, inayoitwa Middleton, ilipokosa mchezaji wake Wes Hall wa West Indies. Wakakubali kumchukua D'Oliveira kwa paundi 450 kwa msimu mmoja. Feza ya safari alipaswa kuitafuta mwenyewe. Hakuwa nayo. Watu wa Cape Town, Waislamu na Wakristo, wakachanga.

Ndiyo kusema: wale watu wa kwao, ambao mwenzetu anasema aliwauza, ndio waliomlipia tikiti.

Alifika Uingereza mwezi wa nne wa 1960. Bibi yake Naomi, ambaye walikuwa wameoana miezi michache mbele, alibaki nyumbani na mimba. Inaelezwa kwamba siku za kwanza alikuwa anatafuta kwa macho mlango wa watu wa rangi yake, kwenye treni, kwenye hoteli, na hakuuona. Na mweupe alipomletea chakula mezani alishangaa. Kucheza nako kulimshinda kwanza. Kule ardhi ni laini na yenye maji, mpira haurukii kama juu ya mkeka. Kwa majuma mengi alitolewa kwa pointi chache. Lakini mwisho wa msimu jina lake lilikuwa juu kabisa katika orodha ya wapigaji wa ligi ile, juu ya Garry Sobers mwenyewe, ambaye wanaojua kriketi wanamtaja kama wapenda mpira wanavyotaja Pelé.

Juu ya miaka yake iko neno. Alipofika alisema amezaliwa mwaka wa 1934, kwa sababu aliogopa kwamba hawatamtaka mtu mzima hivi. Wenzetu wanaojua mambo ya vyeti vya kuzaliwa katika mashindano ya vijana hawatashangaa, na tunawaona wakicheka. Hatusemi uongo ni mzuri. Tunasema tu kwamba kuna tofauti kati ya mtu anayepunguza miaka kusudi acheze na watoto, na mtu aliyenyang'anywa miaka kumi iliyo bora ya nguvu zake.

Mwaka wa 1964 akaingia klabu kubwa ya Worcestershire, akapata uraia wa Uingereza, na mwaka wa 1965 klabu ile ikachukua ubingwa. Mwaka wa 1966, akiwa na miaka 34 ya kweli, alivaa kofia ya taifa la Uingereza kwa mara ya kwanza, kupigana na West Indies. Toka siku ile mpaka 1972 alicheza Testi 44, akapata pointi 2,484, na mara tano alivuka mia. Hesabu yake kwa kila zamu ni zaidi ya 40, na wanaojua mchezo huu wanasema 40 ni kipimo cha mpigaji mkubwa. Alianza wakati wengine wanafikiria kuacha.

Tunafika kwenye mwaka wa 1968. Kwetu tunaukumbuka mwaka ule kwa Addis Ababa, wakati ekipe ya taifa yetu ilipopiga Ghana 1 kwa 0 kwa goli la Kalala, tukachukua kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. (Katika kombe lile Afrika ya Kusini haikuwako. Ilifukuzwa tangu kombe la kwanza la 1957, kwa sababu ilikatala kupeleka ekipe ya weupe na weusi pamoja. Waafrika walikuwa wamelikata neno hili miaka kumi na moja mbele ya Waingereza. Na hii nayo haiandikwi sana.)

Ekipe ya Uingereza ilipaswa kwenda Afrika ya Kusini mwisho wa mwaka ule wa 1968. Kila mtu alijiuliza: na D'Oliveira? Atarudi katika inchi yake kwa mlango wa mbele, akivaa kofia ya Uingereza? Waziri mkuu wa weupe, John Vorster, alikuwa amekwisha kuwaambia watu fulani wakubwa wa kriketi ya Uingereza, kwa siri, kwamba D'Oliveira akiwamo safari itakufa. Wakubwa hao walijua, wakanyamaza. Wakaanza kutafuta njia ya kumtosha huyu mutu bila kusema kwamba wanamtosha.

Kwanza, katika mwezi wa sita, kisha yeye kupata pointi 87 bila kutolewa katika mechi ya kwanza na Australia, walimwacha nje ya mechi ya pili. Siku zile mkubwa mmoja wa klabu ya MCC, ambayo ndiyo iliyochagua ekipe ya Uingereza, akamvuta kando akamshauri aseme mwenyewe kwamba hataki kuchezea Uingereza, anataka kuchezea Afrika ya Kusini. Tazameni ushauri ule! Achezee inchi iliyomkataza kucheza, kusudi asiwasumbue wengine. D'Oliveira akakatala.

Halafu ikaja feza. Mtu mmoja anayeitwa Tienie Oosthuizen, wa kampuni kubwa ya tumbaku, akamwambia kuna kazi ya kufundisha kriketi Afrika ya Kusini, paundi 4,000 kwa mwaka, gari, nyumba. Sharti ni moja: aseme mbele ya kuchaguliwa kwamba yeye hayumo katika safari. Kumbukeni kwamba Middleton ilimpa 450 kwa msimu. Alikuwa na bibi na watoto, na miaka yake ya kweli aliijua yeye. Alifikiri, hakuwa malaika. Kisha akakatala.

Ikabaki mechi ya mwisho na Australia, kule London, kwenye kiwanja cha Oval, mwezi wa nane. Hakuchaguliwa. Lakini mpigaji mmoja, Roger Prideaux, akaugua, D'Oliveira akaitwa dakika ya mwisho. Alipofika pointi 31 alipiga vibaya, mpira ukamwendea mshikaji wa Australia, naye akauangusha. Mungu anajua kwa nini uliponyoka. Toka pale hakurudi nyuma: 50, 100, 150, mpaka 158. Mwamuzi alimnong'oneza kwamba sasa ameleta matata. Siku ya mwisho mvua ikajaza kiwanja maji, watazamaji wenyewe wakaingia na vitambaa kukikausha, na D'Oliveira akatosha mpigaji wa Australia aliyekuwa amekaza. Uingereza ikashinda.

Kesho yake, tarehe 28 ya mwezi wa nane, majina ya safari yakasomwa kwenye radio. Jina la D'Oliveira halikusomwa. Alikuwa na wenzake wa Worcestershire katika chumba cha kuvalia. Alilia.

Tunataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu kwetu hapa ndipo penye uzito wa habari nzima. Wachaguzi walisema walitazama kriketi tu. Wakasema kuna wengine wanaomshinda. Labda mmoja ao wawili kati yao waliamini hivyo kweli. Lakini angalieni namna neno hili linavyofanya kazi. Hakuna aliyesema: tunamwacha kwa sababu ya rangi yake. Hakuna aliyepiga kelele ao kutukana. Komite ilikaa mezani, ikanywa kahawa pengine, ikaandika majina, na kila mtu akaenda kwake akijiona ni mtu mwema. Vorster hakuhitaji hata kufunga mlango; wao walimfungia. Sisi tunaona kosa la namna hii ni baya kuliko la mtu anayesema wazi, kwa sababu la wazi unaweza kulijibu. Na tusidanganyane, tunaijua sauti hii. Hata kwetu, mahali pengi, ekipe inachaguliwa, kapiteni anatajwa, mtoto wa fulani anapata fasi, na ukiuliza unaambiwa: "Tumetazama uwezo tu." Iko vile. Uwezo ni neno ambalo watu wengi wanalijificha nyuma yake.

Uingereza ilijaa kelele. Barua zikaja kwa mafuriko, na watu wengine wakajitosha katika klabu ya MCC. Kisha, tarehe 16 ya mwezi wa tisa, mchezaji mmoja wa safari, Tom Cartwright, akasema bega lake halifai. Wachaguzi wakamtaja D'Oliveira. Halafu Vorster akasimama katika mji wa Bloemfontein, mbele ya watu wa chama chake, akasema ekipe hii si ya kriketi, ni ya maadui wa siasa yake, na hawataipokea. Walimpigia mikono kwa nguvu. Tarehe 24 safari ikafutwa.

Katika mambo yote haya yuko mtu mmoja ambaye shule kama yetu ingepaswa kumjua. David Sheppard alikuwa kapiteni wa Uingereza zamani, kisha akawa mchungaji wa kanisa la Anglikana. Mwezi wa kumi na mbili wa 1968 alisimama katika mkutano wa MCC, mbele ya watu waliokuwa rafiki zake, akawaambia wametenda vibaya, na wasicheze tena na Afrika ya Kusini mpaka kriketi yake iache ubaguzi. Walipiga kura akashindwa. Marafiki wengine walimpa mgongo. Tunajua wako wachungaji wanaosema mpira na siasa si kazi ya mtumishi wa Mungu. Huyu aliona ni kazi yake kabisa, na baadaye, mwaka wa 1975, alifanywa askofu wa Liverpool.

Kilichofuata ni kirefu, tutakikata. Ekipe ya weupe ya Afrika ya Kusini ilipaswa kwenda Uingereza mwaka wa 1970. Vijana wakaandamana, serikali ya Uingereza ikaomba safari ifutwe, ikafutwa. Mwaka uleule Komite ya Olimpiki ikaifukuza Afrika ya Kusini. Tangu mwezi wa tatu wa 1970 mpaka mwezi wa nne wa 1992 haikucheza hata Testi moja. Miaka ishirini na miwili! Wachezaji wazuri sana wa weupe walizeeka nyumbani. Hatuwafurahii vibaya, lakini sasa nao waliijua ile hali ya kukaa na nguvu bila kiwanja. Na yote yale, si kwamba D'Oliveira alitoa hotuba. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipiga pointi 158, akakatala feza, akakaa kimya.

Ukimya ule nao ulimletea lawama. Kwao Cape Town walikuwako waliosema: juu ya nini alitaka kuja kucheza katika viwanja vya ubaguzi? Kiongozi wa kriketi ya wasio weupe, Hassan Howa, alifundisha kwamba hakuna mchezo wa kawaida katika inchi isiyo ya kawaida, yaani kwanza haki, halafu mpira. Neno hili ni zito na hatulidharau. Kama sisi tungekaa Cape Town siku zile, pengine mmoja wetu angekuwa upande wa Howa (tumebishana juu ya hili usiku mzima, na mwenzetu mmoja hajakubali mpaka leo). Lakini wawili tunasema hivi: Howa alifunga mlango kwa nje, D'Oliveira aligonga kwa ndani, na Vorster aliwaogopa wote wawili. Angekuwa D'Oliveira hakutaka kwenda, Vorster asingelazimishwa kusema mbele ya dunia nzima kile alichokuwa anakisema kwa siri.

Sasa turudi kwa maneno ya kuuza mama. Tony Greig, mweupe wa Afrika ya Kusini aliyezaliwa Queenstown, mwenye baba wa Scotland, alichezea Uingereza tangu 1972, akawa kapiteni wake. Allan Lamb na Robin Smith nao walifuata njia ile. Wao wangeweza kuchezea kwao kama kwao kungekuwa na Testi za kucheza. Kulikosekana kwa sababu ya serikali ambayo weupe waliichagua. D'Oliveira yeye aliondoka wakati Testi zilikuwako, na kiwanja kilikuwako, na mlango ulifungwa kwa ajili yake tu na watu wa namna yake. Ukitaka kumwita mtu fulani muuzaji, angalia kwanza nani alimfukuza sokoni.

Na ndiyo maana tumeweka kichwa kile juu ya habari hii. Katika vitabu vya hesabu za kriketi iko orodha fupi ya watu waliochezea Testi za inchi mbili. Mmoja wao ni Kepler Wessels. Alizaliwa mwaka wa 1957 kulekule Bloemfontein. Siku Vorster alipokuwa anahutubia yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja. Wessels alichezea Australia Testi 24 toka 1982 mpaka 1985, kisha akarudi, na mwaka wa 1992 akawa kapiteni wa Afrika ya Kusini ilipofunguliwa tena. Alikuwa mchezaji hodari, hatuna neno naye. Vitabu vinamwandikia inchi mbili, na ni sawa.

Tafuta D'Oliveira katika orodha ile. Haumo. Yeye ameandikiwa Uingereza peke yake, Testi 44. Mechi za 1956 na za 1958, wakati alipokuwa kapiteni wa Afrika ya Kusini, hazihesabiwi, kwa sababu chama kilichokuwa na ruhusa ya kusema "hii ni Testi" kilikuwa cha weupe tu. Yaani sheria ya Vorster imekufa, lakini katika ukurasa ule wa hesabu ingali inafanya kazi.

Watasema: sasa ni wazee, mambo yamekwisha, mbona tunasumbua makaratasi? Kweli, heshima zilikuja. Mwaka wa 2000 Afrika ya Kusini ilimweka kati ya wachezaji wake kumi wa karne, yeye ambaye haikumwachia kucheza hata siku moja. Tangu mwaka wa 2004 Uingereza na Afrika ya Kusini zinapocheza Testi zao, kombe linaitwa kwa jina lake. Mwaka wa 2005 malkia wa Uingereza alimpa nishani kubwa. Alikufa tarehe 19 ya mwezi wa kumi na moja wa 2011, kule Uingereza, kisha ugonjwa wa miaka mingi wa kutetemeka. Mtoto wake Damian na mjukuu wake Brett walichezea Worcestershire vilevile. Mambo haya ni mazuri. Lakini nishani na kombe ni zawadi, na zawadi anatoa mwenye nacho kwa kupenda. Hesabu ni kitu kingine. Hesabu ni deni.

Mwenzetu wa kalasi ya tano ametuambia kwamba atajibu. Nafasi yake iko katika namba ijayo, kama stensili zitatosha na kama Bwana Prefe atakubali. Tunamwomba jambo moja tu: asituambie tena habari za mama. Atuambie kama mechi za 1956 na 1958 zilikuwa za Afrika ya Kusini, ao hapana. Na kama hapana, zilikuwa za nani.

Watatu wa kalasi ya sita